Bi Ziwafikie na Sauti Aliyoiuza

Wifi yangu alikuwa na sauti iliyowashtua watu kabla hawajamwona mwenyewe. Akienda sokoni kuulizia bei ya nyanya, muuza nyanya alishika kifua kwanza, akangoja kuambiwa nani kafa. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo redioni. Kila tangazo alilifunga kwa kusema habari ziwafikie fulani na fulani, popote walipo, na kwa sababu hiyo mji mzima ulimbandika jina la Bi Ziwafikie. Watoto walimwita hivyo, wakubwa walimwita hivyo, na mimi nikiwa nimenuna nilimwita hivyo pia. Siku hizi ukimpigia simu hapokei, anakutumia ujumbe wa kuandika, na tukiwa mezani anaomba chumvi kwa kuinyooshea kidole.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeolewa na mdogo wake wa mwisho, ambaye yuko ng'ambo akipakia mizigo kwenye ghala ambalo, kwa maelezo yake, ni kubwa kuliko mji wetu. Kwa hiyo kwa miaka mingi nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: mama mkwe, wifi na mimi. Watu husema mawifi hawakai chini ya paa moja. Sisi tulikaa. Tuligombana kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kuhusu nani kamaliza sabuni, kuhusu dirisha lifungwe au liachwe wazi, na jioni tukala sahani moja. Nampenda wifi yangu, na bado nina hasira naye, na yote mawili anayajua.

Redio aliyoisomea ilikuwa ya mzee mmoja muuza betri. Sitanii. Mzee alikuwa na duka la betri, tochi na redio ndogo, akaona redio zinamdodea kwa kuwa stesheni za mbali zilisikika kwa kukwaruza, basi akaanzisha ya kwake ili watu wapate sababu ya kununua. Aliiweka kwenye chumba kimoja juu ya duka, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mchana kulikuwa na muziki, bei za mazao na salamu za wasikilizaji. Jioni, kabla ya taarifa ya habari, wifi alikaa kwenye kiti cha mbao, akavua bangili zisigonge meza, akasoma vifo.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyempa. Hakusoma tangazo mpaka azungumze na mtu wa msibani. Karani wa hospitali hakumtosha, jirani ndiyo kabisa. "Sitangazi maiti ambayo sijaisikia ikililiwa," alisema. Alipiga simu, akasikiliza kelele za nyuma, akauliza marehemu alikuwa akiitwaje nyumbani, kisha akauliza swali ambalo watu wengi walikuwa hawajalifikiria: nani yuko mbali zaidi? Huyo wa mbali ndiye aliyemtaja wa kwanza. Baba wakubwa na wajomba walinuna kutajwa nyuma ya kijana fulani aliyeko machimboni, na wengine walifika dukani kulalamika. "Nyinyi mko hapa hapa mnakunywa chai ya matanga," aliwajibu. "Habari mnayo. Yeye hana."

Sisi wenyewe tulikuwa na wetu wa mbali. Kaka yao mkubwa, shemeji yangu, ni mlinzi wa chanzo cha maji ya mji, bondeni huko nyuma ya milima, mahali ambapo gari hukuacha njiani ukamalizia kwa miguu. Simu huko hazishiki. Shemeji ana simu, lakini akifika kwake inageuka kuwa tochi. Redio ndiyo inayoshika, tena vizuri kuliko mjini. Kwa hiyo wifi, akishamaliza marehemu wa mwisho, aliiba nafasi kidogo: "Na wewe wa bondeni, mama hajambo, anauliza kama unakula." Mji mzima ulijua wa bondeni ni nani. Watu wengine walikiri kwamba wanavumilia vifo vyote ili wasikie mama kasema nini leo. Mama mkwe alisikiliza akiwa sebuleni, mikono mapajani, na maneno yale yakishapita aliinuka kwenda kulala, ameridhika kana kwamba mwanawe amemjibu.

Halafu mzee wa betri akafa. Alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na nchi yake, hakuna hata mmoja aliyejua funguo za chumba cha juu zinakaa wapi. Walikutana kwenye simu, kila mmoja kwenye kioo chake, na kabla chai yao haijapoa redio ikawa imeuzwa.

Iliyoinunua ilikuwa kampuni yenye makao makuu ng'ambo ya bahari. Kampuni hiyo hiyo ndiyo yenye mtandao wa simu tunaoutumia wote, na ving'amuzi vya televisheni, na gazeti ambalo mchinjaji hufungia nyama. Ukikasirishwa na redio yao ukaizima, ukashika simu kumlalamikia mwenzako, bado uko mikononi mwao. Nililiwaza hilo siku moja nikiwa naongeza salio, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Walimleta meneja, kijana mpole mwenye viatu ambavyo vumbi letu halikuthubutu kuvigusa. Sina ubaya naye. Alisalimia watu wazima vizuri, na nadhani aliamini kila alichokisema. Muziki ukaanza kutoka makao makuu, ule ule unaopigwa katika miji mingine ambayo hata hatujui iko wapi. Watangazaji wakaondoka mmoja mmoja. Bei za mazao zikahamia kwenye simu. Salamu zikahamia kwenye simu. Vifo wakaviacha redioni, kwa kuwa watu walikuwa wanavilipia. Lakini salamu za bondeni zilipigwa marufuku wiki ya kwanza, kwa maelezo kwamba muda wa hewani ni bidhaa na bidhaa haigawiwi bure. Mama mkwe alikaa na mikono yake mapajani mpaka muziki wa makao makuu ukaanza, na wifi aliporudi akamuuliza, "Mbona leo hukumuulizia kama anakula?"

Siku meneja alipomwita ofisini, nilijua amefukuzwa. Nikawasha jiko mapema, nikapika vizuri, kama mtu anavyompikia aliyefiwa. Akarudi anang'aa.

"Wifi, wanataka kuhifadhi sauti yangu."

"Kuihifadhi wapi? Kwenye friji?"

"Kwenye kompyuta. Nasoma maneno yote, halafu yenyewe inayaunganisha. Meneja kasema sauti kama yangu haipatikani. Makao makuu wameisikiliza, huko huko ng'ambo. Wameipenda."

Alikuwa na mkataba mnene kwenye mkoba, herufi zake ndogo kama mchanga. Nikamuuliza kama ameusoma.

"Nimesoma pale pa kusaini," akasema.

Nikaja juu. Nikamwambia mtu hauzi kitu ambacho hawezi kukivua akakikabidhi. Akasema nina wivu, na kwamba godoro la mama limekwisha na mgongo wa mama unauma, je, mimi nina godoro la kumpa? Hapo aliniweza. Kisha akanitania, mikono kiunoni: "Tena fikiria, hata nikifa mimi, nitajitangaza mwenyewe." Tulicheka wote wawili mpaka mama akatoka kuuliza kuna nini.

Alisoma maneno kwa wiki kadhaa. Meneja alimtaka asome kwa usawa, asishushe sauti mwisho wa neno wala asiipandishe, ili kila neno likubali kukaa karibu na lolote. Hilo lilimpa tabu, kwa hiyo alifanya mazoezi nyumbani. Nikawa nashona huku nasikia jikoni, "Shangazi. Shangazi. Shangazi. Ghafla. Ghafla. Baada ya kuugua kwa muda mrefu. Baada ya kuugua kwa muda mfupi."

"Wifi," nikamwita, "hao mashangazi wamekufa wangapi humo jikoni?"

"Nyamaza, unaniharibia usawa."

Akasoma majina ya watu, mamia kwa mamia, na majina ya vijiji, na ya hospitali, na ya mito. Alipomaliza walimpigia makofi, wakampiga picha ameshika shada la maua, na mwezi uliofuata wakamshukuru kwa utumishi wake. Godoro la mama lilikuwa limeshafika, zuri, limefungwa kwenye nailoni.

Jioni ya kwanza mashine iliposoma, tulikuwa sebuleni wote watatu. Wifi alikuwa na ungo mapajani anachambua mchele. Sauti yake ikatoka redioni ikitangaza kifo cha mtu wa mtaa wa juu. Ilikuwa yeye kabisa, ila haikuvuta pumzi. Mama mkwe aliitazama redio, akamtazama binti yake aliyefumba mdomo, akairudia redio, akamrudia binti.

"Zimeni hicho kitu," akasema.

Wifi akaendelea kuchambua mchele. "Mama, si ni mimi tu," alisema, lakini aliizima.

Kutuma tangazo sasa ilikuwa ni kuandika ujumbe kwa simu na kulipa. Hakuna aliyepiga kuuliza kama kuna mtu analia. Ukishalipa, umethibitisha. Na kwa kuwa watu ni watu, haukupita muda mrefu wahuni wakagundua mchezo.

Aliyeanza kuuawa ni mchinjaji wetu. Alikuwa buchani kwake, kisu mkononi, mteja mbele yake, redio ikiimba rafuni, mara akajisikia akitangazwa kwamba amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mteja aliacha nyama akakimbia. Dada yake mchinjaji aliyeko mtaa wa nyuma alizirai akiwa na ndoo kichwani. Mchinjaji mwenyewe alikuja kwetu mbio, aproni ina damu, kisu hajakiweka chini, majirani nyuma yake wakidhani anakuja kuua kweli.

"Dada, umeniua!" akapiga kelele getini. "Nimekukosea nini mimi? Si juzi tu nimekuongezea mifupa ya bure?"

Wifi alitoka na kanga ya kulalia, maana alikuwa amejipumzisha. "Siyo mimi, kaka yangu. Mungu shahidi."

"Nimekusikia kwa masikio yangu! Sauti yako naijua tangu unamtangaza baba yangu!"

Majirani walivunjika mbavu kwa kucheka. Wifi hakucheka. Aliingia ndani, akaketi kitandani na kushika tama, na kwa mara ya kwanza alisema, "Wifi, nimefanya nini?" Jibu nilikuwa nalo, lakini hata mimi kuna siku huufunga mdomo.

Baada ya mchinjaji wakafuata wengine: mke aliyeachwa akamtangaza mumewe, wanafunzi wakamtangaza mwalimu wa hesabu. Mjini ukazuka msemo. Ukimwambia mtu fulani amefariki, anakuuliza, "Kafa kwa redio, au kafa kweli?" Watu wakaacha kupanda magari kwenda kuzika mpaka wapige simu wenyewe. Wenye simu waliweza. Wifi alikwenda kwenye ofisi ya kampuni kuwaomba waitoe sauti yake, waweke ya mtu mwingine yeyote. Meneja mpole alikuwa ameshahamishwa. Msichana wa mapokezi alitafuta kwenye kompyuta, akamweleza kwa upole kwamba sauti hiyo ni mali ya kampuni, na kwamba sasa inatumika pia katika miji mingine mitatu.

Shemeji wa bondeni aliposhuka likizo mwezi ule, tulimsimulia habari ya mchinjaji. Alicheka akaegemea mlango, machozi yakamtoka. "Dada, hiyo mashine yako ina roho mbaya kuliko wewe mwenyewe," alisema. Wifi akamrushia kandambili. Mama alikuwa amekaa kati yao, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine, anafurahi tu kuwaona. Alipoondoka kurudi bondeni, mama alimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua mama.

Kufikia masika alikuwa hainuki. Hospitali walimpa dawa wakaturudishia, na sote tulielewa maana yake. Akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho. Asubuhi moja alituita wote wawili, akasema jambo moja tu, na alilisema polepole ili tusije kusingizia hatukusikia.

"Kijana wangu wa bondeni ajulishwe mapema. Msinizike kabla hajafika."

"Nitamjulisha mwenyewe, mama," wifi akamwambia. "Kwa mdomo wangu huu."

Akafa kabla ya mchana.

Nilisema tutume mtu wa pikipiki. Mvua zilikuwa zimeikata barabara, angefika kesho yake au keshokutwa, lakini angefika. Wifi alinitazama kama nimetukana. "Kaka atumiwe mwendesha pikipiki asiyemjua, amkute lindoni amwambie mama yako kafa? Tangu lini? Sisi hutangaza. Leo leo jioni atakuwa amesikia, na usiku atakuwa njiani." Yeye ni mkubwa kwangu, na aliyekufa ni mama yake. Neno lake likapita.

Tulikwenda wote wawili kwenye redio. Alitaka kusoma yeye, moja kwa moja, hata kama ni kwa kupiga magoti. Mlinzi wa getini alimfahamu tangu enzi za mzee wa betri, akampa pole, akatufungulia bila kuuliza. Tukapanda ngazi. Trei za mayai hazikuwapo. Kiti cha mbao hakikuwapo, wala kipaza sauti. Palikuwa na kabati la chuma lenye vitaa vinavyopepesa, na kiyoyozi kikilipuliza baridi. Hapakuwa na mtu wa kupigiwa magoti.

"Siku hizi ni kwa simu tu, dada," mlinzi akasema. Alikuwa anaona aibu kana kwamba kosa ni lake.

Wifi akapiga namba ya matangazo tukiwa tumesimama getini, akaiweka kwenye kipaza ili nimsaidie kufuata maelekezo. Ikapokelewa hapo hapo. "Karibu kwenye huduma ya matangazo. Kwa tangazo la biashara, bonyeza moja. Kwa tangazo la harusi, bonyeza mbili. Kwa tangazo la kifo, bonyeza tatu." Ilikuwa sauti yake. Hatukujua kwamba wameiweka na huko. Alibonyeza tatu.

"Pole kwa msiba," ikamwambia.

"Asante," akajibu. Mdomo ulijiendea wenyewe.

Nikaichukua simu mimi. Ikatuelekeza tuandike ujumbe; nikaandika jina la mama, umri, mahali pa maziko. Penye ndugu wa kujulishwa nilimwandika wa bondeni kwanza, kama ambavyo wifi angefanya. Nikalipa. Ujumbe ukarudi kwamba tangazo letu limepokelewa, tunakaribishwa tena.

Jioni waombolezaji walikuwa wamejaa uani. Redio ya mama tuliiweka dirishani. Pembeni yake niliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, na ndani ya simu alikuwamo mume wangu, amevaa kizibao cha kazi, nyuma yake maboksi yanapita, analia bila sauti kwa sababu huko aliko zamu haisimami. Tangazo lilipoanza watu walinyamaza wote. Ilisema mama yetu amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ikamtaja wa bondeni. Ikamtaja wa ng'ambo. Kisha ikamtaja wifi kwa jina lake kamili, kama mtu asiyemjua, kwamba naye habari zimfikie. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimeziba mdomo, anajisikiliza akitangaza kifo cha mama yake kwa sauti ile ile iliyomtangaza mchinjaji.

"Basi," akasema ilipoisha. "Kaka kasikia, pikipiki ya nini tena."

Tulimngoja. Kesho yake tulimngoja, kila pikipiki iliyopita njiani ilimwinua wifi kwenye mkeka. Siku ya pili wazee wa ukoo wakaanza kukohoa na kutazama saa. Hospitali nao walitaka nafasi yao kwenye chumba cha maiti. Siku ya tatu wazee wakaamua. Wifi aliwaomba, akawaeleza alichosema mama. Mmoja wao akamuuliza, kwa haki kabisa, kama mtoto huyo amesikia tangazo.

"Kasikia," wifi alisema. "Redio analala nayo."

"Basi kama kasikia na hakuja, ana lake jambo."

Tukazika. Mume wangu, aliye ng'ambo ya bahari, aliyaona maziko yote kwenye simu iliyoshikwa juu na mpwa wake. Mtandao uligoma jeneza likiwa linashushwa, akaliona limeganda nusu ya kaburi mpaka mtu alipoongeza salio. Wa bondeni, ambaye angeweza kuja kwa miguu, hakuona kitu. Wakati wa kutupa udongo, wifi alitupa wa kwake, akachota mwingine ambao ungekuwa wa kaka yake, akautupa pembeni kwenye majani. "Sina kaka," akaniambia. Alikuwa na hasira ya kutisha, na hasira ile ilimsaidia kusimama.

Wiki iliyofuata, mchana, nilikuwa barazani kwenye cherehani naweka zipu kwenye sare ya shule. Nikasikia mtu anaimba njiani. Alikuwa shemeji, matope mpaka magotini, begani dumu la maji. Mama alikuwa akilalamika kwamba maji ya bomba yananuka dawa, kwa hiyo kila akishuka alimletea ya kule kule yanakotoka.

"Shemeji!" akaniita toka mbali. "Bado unashona sare ile ile niliyokuacha nayo? Mtoto si atamaliza shule akiwa uchi?" Akalitua dumu penye ngazi. "Bibi kizee yuko wapi? Mwambie maji yake yamefika."

Sikuweza kuinua mguu kutoka kwenye kanyagio.

Wifi alitoka ndani kama upepo. Maneno alikuwa ameyaandaa wiki nzima, niliyasikia akiyapanga wakati akiosha vyombo. "Umekuja kufuata nini hapa? Ulisikia au hukusikia?"

"Nimesikia nini?"

"Redioni!"

"Aa, ule upuuzi?" Alianza kutabasamu. "Nilisikia, ndiyo. Nikamwambia mwenzangu wa zamu, wahuni wa mjini wamemaliza wachinjaji, leo wamefika kwa mama yangu. Nilitaka kushuka niwatafute. Lakini nikakusikiliza vizuri, sauti imenyooka kama rula. Nikasema, huyu siye. Dada yangu amtangaze mama, mama yetu, halafu afike mwisho hajakwama hata mahali pamoja? Nikazima, nikalala."

Alingoja tucheke. Akatazama nguo nyeusi ya wifi, akanitazama mimi, akatazama kiti cha mama pale ukumbini, tulichokuwa tumekigeuzia ukutani.

"Si ni uongo ule?" akauliza.

Hasira ya wifi ilimtoka yote, nikaona mabega yake yanashuka. Alishika nguzo ya baraza.

"Dada. Si ni uongo?"

Shemeji akamsogelea dada yake, akamshika mikono yote miwili kwa mikono yake yenye matope.

"Hebu niambie wewe," alisema, taratibu. "Wewe mwenyewe. Ukisema wewe nitaamini."

Wifi akafungua mdomo. "Mama," akasema, na sauti ikakatika. Alimeza mate, akajaribu tena, na mara hii hata neno lenyewe halikutoka, midomo tu ndiyo iliyocheza. Alikuwa ametangaza vifo vya mji mzima. Nikaona hawezi, nikainuka kwenye cherehani, nikasema mimi: mama amefariki, tumemzika wiki iliyopita, tulikungoja.

Shemeji hakugeuka kunitazama. Aliendelea kumtazama dada yake mdomoni, akingoja aseme yeye.